Maji ya buluu ni maji yenye njaa: nani anamlisha nani kwenye bahari yetu (uzi mrefu)

Maleleji (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam, na wakubwa shikamooni.

Mwezi uliopita nilikuwa Wesha, Pemba, alfajiri boti za dagaa zinaingia dikoni. Nilisimama na mzee mmoja aliyevua tangu enzi za karabai. Maji pale ukingoni yalikuwa safi, unaona mpaka ndara iliyozama. Akaniuliza, "Mwanangu, si umesomea bahari wewe? Maji safi namna hii, mbona samaki tunawafuata mbali kila mwaka?" Kabla sijafungua mdomo boti ikagusa mchanga, watu wakakimbilia mabeseni, mazungumzo yakaishia hapo. Swali lake halijanitoka. Jibu naliweka hapa, na wenye uzoefu wa maji naomba mnisahihishe na mniongezee.

Jibu lenyewe ni hili: maji yetu ni safi kwa sababu yana njaa.

Ile buluu tunayowaonyesha wageni ni rangi ya maji yasiyo na kitu ndani. Bahari yenye shibe huwa ya kijani, pengine hudhurungi, ukichota kwenye glasi unaona ukungu. Ukungu ule ni vijimea vidogo mno vinavyoelea, ndiyo malisho ya bahari. Kwa ujumla wake, vijimea hivi hufanya karibu nusu ya usanisinuru wote wa dunia. Nusu ya pili ndiyo misitu, mashamba na nyika zote ukizijumlisha. Kimojawapo, Prochlorococcus, ni kidogo kiasi kwamba ukivipanga zaidi ya elfu moja kwa mstari ndiyo unapata milimita moja. Kiko kwa wingi kwenye bahari zote za joto, na bado hakuna aliyejua kipo mpaka miaka ya 1980, Sallie Chisholm na wenzake walipokigundua.

Kijimea kinahitaji vitu viwili: mwanga, na mbolea (naitrojeni, fosforasi, chuma kidogo). Mwanga tunao wa kumwaga. Mbolea ndiyo shida, na humo ndimo kisa chote kilimo.

Tutofautishe mambo mawili yanayochanganywa sana. Nishati ni kama mafuta ya taa kwenye karabai: yakishaungua yamekwisha, huwezi kuyarudisha kwenye tangi. Inaingia kwa jua, inapita kwa vijimea, wadudu, dagaa, jodari, na kila hatua sehemu kubwa inatoka kama joto. Kesho lazima jua liwake tena. Virutubisho ni kama hela ya upatu. Ni ile ile, inazunguka, leo iko kwako kesho iko kwa jirani. Fosforasi iliyo kwenye mfupa wa changu uliyemla jana imeshawahi kuwa kwenye kijimea, kwenye kamba, kwenye kinyesi cha ndege wa bahari, mara nyingi tu.

Sasa upatu wenye hela kidogo unafanyaje ili kila mtu ale? Unazungusha haraka na hauruhusu mtu kutoroka na fungu. Ndivyo bahari yetu inavyoishi.

Kikande

Nimekaa mbele kabisa. Endelea mkuu.

Ukerewe Kwetu

Mkuu mimi mtu wa ziwa. Ziwa Victoria ni kijani kweli kweli, kwa hiyo ziwa letu ni tajiri kuliko bahari yenu?

Maleleji

Kwa kila kipande cha maji, ndiyo, ziwa lenu linazalisha vijimea vingi kuliko bahari ya wazi ya Pemba. Ila kijani kina mpaka. Mbolea ikizidi, vijimea vinakuwa vingi kuliko walaji, vinakufa, vinazama, bakteria wanaviozesha, na kuoza kunakula oksijeni. Mnaijua ile hali ya sangara na sato kuelea wamekufa maji yanapogeuka. Bahari nayo ina ugonjwa huo huo mahali pengine, nitaufikia.

Kwanza nimalize hesabu ya nishati. Chukua jodari, na tuseme nyama ya kilo moja tu mwilini mwake. Kwa wastani kila hatua ya kula hubakiza kama asilimia 10, iliyobaki imeungua katika kuogelea, kupumua, kuzaa, au imetoka kama kinyesi. Kwa hiyo kilo moja ya jodari imekula kilo 10 za vibua, vibua wamekula kilo 100 za dagaa, dagaa wamekula kilo 1,000 za vijidudu vinavyoelea, navyo vimekula kilo 10,000 za vijimea. Tani kumi za malisho kwa kilo moja ya jodari. Asilimia 10 ni wastani, pengine 5, pengine 20, lakini ukubwa wa hesabu ni huo. Aliyetufungulia njia ya kuhesabu hivi ni Raymond Lindeman, kijana aliyechunguza kijiziwa cha Minnesota, Marekani. Makala yake ilitoka mwaka 1942, na yeye alikuwa amefariki miezi michache kabla, akiwa na miaka 26.

Ndiyo maana sahani ya dagaa nyumbani kwako inaigharimu bahari kidogo sana kuliko kipande cha nguru. Umekula ngazi mbili chini.

Halafu maji maskini yana adhabu nyingine juu yake. Mbolea ikiwa kidogo, vijimea vinavyoweza kuishi ni vile vidogo kabisa, na dagaa hawezi kuchuja kitu kidogo hivyo. Lazima kwanza kiliwe na kijidudu kidogo, nacho kiliwe na kikubwa kidogo, ndipo dagaa apate. Kila hatua inayoongezeka inapoteza tisa katika kumi. John Ryther aliieleza hii mwaka 1969: bahari ya wazi ina ngazi nyingi kabla ya kufika kwa samaki wa kuvuliwa, wakati pale maji ya chini yanapopanda juu ngazi ni moja au mbili. Peru ndiyo mfano. Mwaka 1970 walivua zaidi ya tani milioni 12 za dagaa wa aina moja tu, kwa sababu maji baridi ya kilindini yanapanda pale na mbolea yake, vijimea vinakuwa vikubwa, dagaa anavila karibu moja kwa moja. Samaki wote wa Tanzania, wa bahari na maziwa, hawafiki tani milioni moja kwa mwaka.

Shombo

Hapo sasa nauliza. Kwa nini Peru yapande na kwetu yasipande? Upepo tunao, tena kusi ikivuma hakuna ngalawa inayotoka.

Maleleji

Swali hili nalipenda kuliko yote. Mbolea ya bahari inazama. Kila kinachokufa juu, na kila kinyesi, kinashuka kama unga mweupe unaodondoka mchana na usiku, wataalamu wanaita theluji ya bahari. Kwa hiyo juu kwenye mwanga hakuna mbolea, na chini kwenye mbolea hakuna mwanga. Maji yanayozama katika bahari za mbali za kaskazini na kusini huweza kukaa karne kadhaa gizani kabla hayajarudi juu. Utajiri wa uvuvi ni suala la nani anayarudisha.

Sasa sikiliza kusi inavyofanya. Inavuma kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, ikifuata pwani kuelekea kaskazini. Ungedhani maji yatakwenda kule kule upepo unakokwenda. Kwa sababu dunia inajizungusha, maji ya juu hupinda: kusini mwa Ikweta yanasukumwa kushoto kwa upepo, kaskazini mwa Ikweta yanasukumwa kulia. Simama ufukwe wa Bagamoyo, upepo wa kusi mgongoni, uso kaskazini. Kushoto kwako ni nchi kavu. Kusi inayarundika maji ya juu kwenye pwani yetu, hayana pa kwenda ila kushuka, na mbolea ya chini inabaki imefungiwa huko huko.

Upepo huo huo uvuke Ikweta, ufike Ras Hafun kule Somalia. Simama hivyo hivyo, upepo mgongoni. Sasa maji yanasukumwa kulia, na kulia ni bahari kuu. Maji ya juu yanaondoka, ya kilindini yanapanda kuziba pengo. Joto la maji pale hushuka chini ya nyuzi 20, wakati huo huo sisi tuko kwenye 25 au 26. Kusi moja, miezi ile ile: kwetu inafunga ghala, Somalia na Oman inalifungua.

Na maji yenyewe tunayoletewa yamefika yakiwa yamechoka. Mkondo unaotoka mashariki umevuka Bahari ya Hindi nzima juu juu, ukiliwa mbolea njia nzima, ndipo unagonga pwani karibu na Rasi Delgado, mpakani kwetu na Msumbiji. Pale unagawanyika. Tawi moja linashuka kusini, jingine linapanda kwetu, linapita Mtwara, Kilwa, Mafia, Unguja, Pemba, mwaka mzima bila kugeuka. Majira ya kaskazi, upepo unapotoka kaskazini, linapungua kasi, na huko kaskazini mwa Kenya linakutana na maji yanayoshuka kutoka Somalia, yote mawili yanaachana na pwani kwenda nje, na hapo maji ya chini hupata nafasi ya kupanda. Wavuvi wa Lamu na Malindi wanazijua neema za eneo lile.

Mswahili wa Dhofar

Asalaam alaikum. Nipo Salalah, asili yetu Unguja. Hayo ya Oman nayashuhudia kwa macho. Msimu wa kharifu, Juni mpaka Septemba, huku ukungu na manyunyu, milima inakuwa kijani, bahari baridi huwezi kuoga. Dagaa wa huku wakianza kuja wanaanikwa ufukweni eneo kubwa, na wengi hawaliwi na watu, ni chakula cha ngamia na ng'ombe. Babu yangu akihadithia kule kwetu dagaa wanavyogombewa kwa beseni, vijana wa huku wanashangaa. Lakini pia huku kuna nyakati samaki wanakufa kwa wingi na bahari inanuka. Hiyo nayo nini?

Maleleji

Wa alaikum salaam. Umetuletea ushahidi wa pande zote mbili, shukran sana.

Ukungu wa Salalah na dagaa wa ngamia ni watoto wa mama mmoja: maji baridi yaliyopanda yanaupoza upepo wenye unyevu, unakuwa ukungu, na mbolea iliyopanda nayo inakuwa dagaa. Vifo vya samaki ndiyo ule ugonjwa niliomwambia wa Ukerewe. Bahari ya Uarabuni ina tabaka nene, kuanzia kama mita 150 hadi 1,000, ambalo oksijeni yake ni kidogo sana, mojawapo ya makubwa duniani. Kila kinachozaliwa kwa wingi juu kinazama na kuozea humo. Maji yale yakipanda mpaka karibu na pwani, samaki wanakosa hewa. Vijimea vyenye sumu vikizaliana kwa wingi navyo huweza kuua.

Ngalawa Mbili

Mimi nipo kwenye boti ya dagaa miaka kumi na moja, Mkondo wa Pemba. Mawili. La kwanza, sisi tunavua giza tu. Mwezi ukiwa mkubwa tunatengeneza nyavu, maana taa haishiki. Ulisema dagaa anakula vijidudu, sasa taa inaingiaje? La pili, kaskazi maji yakitulia tunakutana na kitu juu ya bahari kama vumbi la mbao, mistari mirefu ya kahawia, kinanuka kidogo. Wenzangu wanasema ni uchafu wa meli.

Maleleji

Kaka, yote mawili ni ya kiini kabisa.

Vijidudu vinavyoelea hukaa chini mchana kukwepa kuonekana, jua likizama vinapanda juu kula vijimea, kukikaribia kucha vinashuka tena. Safari hii inafanyika kila siku, bahari zote duniani, na kwa uzito wa viumbe wanaohama hakuna uhamaji wa wanyama unaoifikia. Dagaa anawafuata. Usiku wa giza, taa yako inakuwa mwanga pekee, baadhi ya vijidudu vinavutwa, dagaa wanakuja, na vibua na ngisi nyuma yao. Mbalamwezi mwanga umetapakaa kila mahali, taa yako haina nguvu, na vijidudu vingi vinabaki chini zaidi kwa hofu. Tena vikila juu na kunya chini, vinabeba chakula kwenda kilindini kila siku. Hilo nalo ni fungu la upatu linalotoka.

Vumbi la mbao si uchafu wa meli. Ni kiumbe hai, jina lake Trichodesmium, nyuzi nyuzi zilizoshikana. Kinapenda maji ya joto yaliyotulia, ndiyo maana mnakiona kaskazi, na watafiti wetu wa pwani ya Tanzania wamekikuta hivyo hivyo, kingi kaskazi kuliko kusi. Kazi yake ni kama kunde shambani: kinachukua naitrojeni ya hewani, ambayo vijimea vingi haviwezi kuigusa, na kuigeuza mbolea. Kikifa, mbolea inabaki majini kwa wengine. Kwenye upatu wetu huyu ndiye anayeingiza hela mpya. Mkikipita, mjue mmepita shamba la kunde.

Kikande

Miaka yote tunakitema mate. Dah.

Maleleji

Sasa nirudi kwenye upatu wenyewe, maana bado hatujaona unavyozunguka.

Mililita moja ya maji ya bahari ina bakteria kama milioni moja. Vijimea vinavuja sukari, wadudu wanapokula wanamwaga, na sehemu kubwa ya chakula kilichotengenezwa juu, pengine nusu, inapotelea majini kama supu. Zamani ilidhaniwa imekwenda hivyo. Farooq Azam na wenzake mwaka 1983 wakaeleza kwamba bakteria wanaikusanya, wanaliwa na vijidudu, navyo vinaliwa, na naitrojeni na fosforasi zinaachiwa tena papo hapo kwenye mwanga. Kwenye maji yetu maskini sehemu kubwa ya mbolea inayotumika leo ni ile iliyokojolewa jana.

Nenda mwambani. Tumbawe ni mnyama aliyekaribisha vijimea ndani ya mwili wake. Mnyama anatoa uchafu wenye naitrojeni, mpangaji anaumeza, anamlipa sukari, na sukari hiyo huweza kutosha hadi asilimia 90 ya mahitaji ya mwenye nyumba. Hakuna kinachotoka nje ya mlango. Ndiyo maana mwamba wenye samaki wa kila rangi unasimama katikati ya maji matupu. Na ndiyo maana joto la mwaka 1998 lilitupiga vile: maji yakapata moto kupita kiasi, matumbawe yakawatoa wapangaji, yakawa meupe, na kwenye miamba mingi ya Kenya na Mafia yakafa kwa njaa.

Ukizamia mahali penye pono, tulia usipumue sekunde chache utawasikia: kra, kra, kra, wanatafuna mwamba uliokufa na majani yaliyouotea. Fuata mmoja kwa macho. Baada ya muda anaachia wingu jeupe, linatanda, linashuka taratibu. Ule ni mchanga. Pono mkubwa hutoa kilo nyingi sana kwa mwaka, na fukwe nyeupe tunazojivunia zina mchango wake. Akiondolewa, majani yanaufunika mwamba na matumbawe machanga hayapati pa kushika. Hivyo hivyo kikande (samahani mwenye jina): akivuliwa akaisha, wale wanyama wa miiba mirefu anaowavunja na kuwala wanajaa na kuumung'unya mwamba. Miamba ya Kenya imechunguzwa miaka mingi na jambo hili limeonekana wazi, tofauti ya ndani na nje ya hifadhi.

Jongoo bahari mnamwona kama soksi imelala mchangani. Anameza mchanga, anasaga uozo uliomo, anautoa safi, na mkojo wake unarudisha mbolea kwa vijimea vya pale chini. Tumemuuza nje kwa magunia. Mchanga uliokosa majongoo unafunga na kuwa mweusi ndani, chimba kwa kidole utaona.

Kaa wa mikoko nao: jani la mkoko likidondoka, kaa anatoka, analishika, analikokota shimoni. Bila yeye maji yakipwa yangeondoka nalo. Kule Gazi, Kenya, wachunguzi walifuatilia kaboni ya mikoko inaishia wapi. Walikuta inanaswa kwenye nyasi bahari zilizo jirani, mwambani inafika kidogo mno. Kwa hiyo nyasi ni kama kitambaa cha kuchujia tui kati ya mikoko na mwamba. Anayeburuta kokoro juu ya nyasi anachana kitambaa hicho, na tasi anayelelewa humo anapotea naye.

Mama Mwani

Shikamoo mwanangu. Mimi nalima mwani pwani ya mashariki Unguja tangu nikiwa msichana. Ule mnene wenye bei, kotoni, umetushinda, unakuwa mweupe unakatika. Tumebaki na spinosamu, na aliyekuwa akinunua kwetu msimu uliopita alishusha bei tukiwa tumeshakausha. Nataka kujua, mwani nao unakula hiyo mbolea? Na kwa nini kusi unakua vizuri?

Maleleji

Marahaba mama. Pole kwa hilo la bei, ni dhuluma kumshushia mtu bei kazi ikiwa imekwisha.

Ndiyo, mwani unakula mbolea hiyo hiyo. Hauna mizizi ya kunyonya ardhini, unanyonya majini kwa mwili mzima. Ndiyo maana mkondo una maana kwake: maji yaliyosimama karibu na jani yakishaisha mbolea, lazima mengine yapite. Kusi mkondo una kasi, maji ya baridi kidogo, kila dakika unaoshwa na maji mapya. Kaskazi maji ya kupwa yanachemka kwenye kina kifupi, kotoni unachoka, bakteria wanaingia, unakuwa mweupe. Wenzako waliojaribu kupanda kwenye maji ya kina zaidi walifuata ubaridi huo. Naomba jambo moja tu, mama: vigingi viwekwe kwenye mchanga mtupu, nyasi zisiong'olewe kusafisha shamba. Nyasi ile inawashikia mchanga, na samaki anayejificha humo ndiye mboga yenu ya jioni.

Beseni la Kama

Mimi nachemsha dagaa kwa maji ya chumvi na kuanika, wanunuzi wanatoka Congo. Kwa mujibu wa upatu wako, sisi ndio tunaotoroka na fungu?

Maleleji

Hapana, si lawama kwako. Ni kweli mfupa wa dagaa ni fosforasi na kalisi, na gunia likivuka mpaka limeondoka na hela ya upatu wa Mkondo wa Pemba, inakwenda kujenga mifupa ya watoto wa Lubumbashi. Heri iende huko. Dagaa anazaa haraka na yuko ngazi ya chini. Shaka yangu ni kubwa zaidi kwa wanaomaliza wazungushaji: pono, majongoo, nyasi, mikoko. Dagaa ukimwacha azae kwanza anarudi.

Na hela mpya huingia pia kwa mito, na hapa nawaomba subira, maana kuna kisa cha Misri kila mtu wa Rufiji anapaswa kukijua.

Kabla ya Bwawa Kuu la Aswan, kila mwaka mafuriko ya Nile yalimwaga tope na mbolea Bahari ya Kati. (Tope lile lilitoka Ethiopia kwa Nile ya Buluu zaidi, si kwetu Victoria.) Bahari ile ni maskini kama yetu. Mafuriko yakifika, maji nje ya delta yanakuwa kijani, na dagaa aina ya saladini wanakuja makundi kwa makundi. Mwaka 1962 Wamisri walivua kama tani 18,000 za saladini. Katikati ya miaka ya 1960 bwawa likaanza kuzuia maji. Kufikia mwisho wa muongo ule saladini walikuwa chini ya tani 1,000. Hakuna aliyewavua wakaisha. Walikosa malisho.

Baadaye, miaka ya 1980, samaki wakaanza kurudi. Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba mbolea ya viwandani kutoka mashambani na maji taka ya Cairo na Alexandria vilichukua nafasi ya tope. Yaani bahari ikalishwa na choo badala ya mto.

Rufiji sasa ina Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, lililoanza kujazwa Desemba 2022. Chini yake iko delta yenye mikoko kama hekta 53,000, shamba kubwa kuliko yote ya mikoko Afrika Mashariki, na kamba wa pale wanakulia kwenye maji ya tope. Umeme tunauhitaji na mimi natumia. Ninachotaka, na nasema kwa uchungu, ni tope nalo lipimwe kama megawati zinavyopimwa, na maji yaachiwe kwa majira yake, masika yawe masika mpaka mdomoni mwa mto. Wazee wa delta wanajua tarehe zake, waulizwe.

Shombo

Baba yangu mdogo yuko Nyamisati, huko huko delta ya Rufiji, nimempigia simu nikiwa nasoma hapa. Anasema kamba wanafuata maji mekundu ya masika, akiyaona ndipo anaweka nyavu. Hajasoma hata darasa moja la haya.

Ngalawa Mbili

Mkuu, mimi nataka kuviona hivyo vijidudu kwa macho. Darubini sina.

Maleleji

Huhitaji. Chukua soksi ndefu ya kike, ile laini, mzunguko wa mdomo ukaze kwa waya mnene, kwenye ncha ya chini kata tundu ufunge chupa ndogo ya plastiki. Funga kamba. Usiku buruta nyuma ya boti, taratibu sana, dakika tano, ukiwa mbali na taa na mafuta. Kisha mimina kwenye bakuli jeupe, mulika tochi kwa pembeni. Ukitaka zaidi, dondosha tone moja dogo la maji safi kwenye kioo cha kamera ya simu, lisimame kama lenzi, halafu isogeze simu. Ifunike vizuri sehemu nyingine isilowe.

Ngalawa Mbili

(siku tisa baadaye)

Wakuu nimerudi. Giza limeanza, tumetoka mara tatu. Usiku wa kwanza soksi ilichanika, nilikuwa na haraka. Jana tumeburuta saa nne usiku kabla ya kuwasha taa. Bakuli lilikuwa kama uji mwepesi wa rangi ya waridi, na linatembea! Kuna kimoja kinaruka kwa kushtuka kama kiroboto, kina masharubu mawili marefu yamepanuka kama ngalawa na matanga yake, na nyuma kina vifuko viwili vya bluu. Nimepiga picha haionekani vizuri. Halafu nikampasua dagaa mmoja tumboni kwa wembe, nikakuta masharubu yale yale.

Maleleji

Ni kopepodi, jike. Vifuko viwili ni mayai yake. Nimesoma ujumbe wako mara tatu, kaka.

Ngalawa Mbili

Nahodha alikuwa anacheka, sasa yeye ndiye ameomba soksi ya mkewe. Leo tunaburuta upande wa kisiwa cha Misali, maji yakianza kujaa. Yule mzee wa Wesha unayemsema nadhani namfahamu, nitamchukulia bakuli alfajiri.